Upande wa Pili wa Picha

Habari za kifo cha mchoraji zilinikuta jikoni kwangu Kayanga, namenya ndizi za mchana. Mpwa wangu, ambaye anapenda katuni za Kijapani kuliko masomo yake, ndiye aliyenitumia kwenye simu. Aliandika tu kwamba yule mzee wangu amefariki. Chini yake zikafuata picha nyingi zilizowekwa mtandaoni na wapenzi wa mzee huyo, kutoka nchi ambazo sitafika. Kila mmoja alikuwa ametandaza vitabu vyake ili kumuaga. Wengine wamevipanga kitandani juu ya shuka jeupe, wengine kwenye kabati la kioo, vingine vimevishwa nailoni, na kuna bwana mmoja aliyevaa glavu kwa ajili ya kufungua ukurasa. Mama mmoja wa makamo kama mimi aliandika kwamba seti yake imetimia, na kwamba katika miaka yote hiyo hakuna ukurasa uliokunjika hata kona. Nikamfurahia kweli, kwa sababu najua kazi ya kutunza karatasi. Halafu nikaweka kisu chini. Kitabu cha mzee yule ninachokikumbuka mimi kilikatwa kwa wembe, kikabandikwa kwenye ukuta wa udongo huko Kamuli kwa uji wa muhogo, na aliyelala chini ya kurasa zake alikuwa rafiki yangu Jovitha.

Niwaeleze kwanza kitabu chenyewe, maana bila hivyo mtaona nalilia karatasi. Manga ni hadithi za katuni za Kijapani. Kama unazifahamu, ruka hapa, sitakasirika. Mchoraji wa manga akishapendwa sana, hutolewa kitabu cha aina nyingine ambacho hakina hadithi. Ni picha zake tu, kubwa, za rangi, kwenye karatasi nzito, moja mbele na nyingine nyuma ya kila karatasi. Kitabu hicho hukisomi, unakitazama. Unakirudia mwezi huu na mwezi ujao, na picha ileile inakuonyesha kitu ambacho hukukiona mara ya kwanza. Ndiyo maana watu huvitafuta maisha yao yote. Jina la mchoraji wetu lilitushinda ulimi, tukamwita Mzee wa Mvua, kwa kuwa karibu kila picha yake mvua inanyesha, au imetoka kunyesha, au watu wanatazama juu wakihesabu mawingu.

Aliyetuletea Mzee wa Mvua ni Mwalimu Sayuri, aliyekuja kutufundisha hisabati nikiwa kidato cha tatu, kwenye shule ya bweni upande wa Chonyonyo. Siku hizo Kyerwa, iliko Kamuli, haikuwa wilaya. Kote kulikuwa Karagwe. Kiswahili chake alikuwa amekisoma kitabuni, akiingia darasani anasema hamjambo wanafunzi wote kwa ujumla, nasi tunajibu hatujambo kwa ujumla, na yeye hakuelewa kwa nini tunacheka mpaka Jovitha alipomweleza kwa upole baada ya kipindi. Jovitha alikuwa hivyo. Ulimi wake ulikuwa mkali kama pilipili kwa sisi wenzake, lakini mgeni hakumwacha aaibike. Mimi aliniita Mama Maelezo, kwa sababu hata mtu akiniuliza saa, ninaanza na jinsi saa inavyofanya kazi. Jumamosi, tukishafua, Mwalimu alituruhusu sisi wawili kuingia chumbani kwake. Bado nakiona. Kitanda cha chuma kimebanwa ukutani, jiko la mafuta ya taa juu ya stuli, mbao zimelazwa juu ya matofali kuwa rafu, na dirisha linalotazama migomba ya jirani. Alitupa chai ya kijani isiyo na sukari. Jovitha alikunywa kidogo, akauliza kwa heshima zote kama majani haya Mwalimu alisahau kuyakausha. Yeye naye akamletea kutoka kwao kahawa ya kutafuna, ile ya punje zilizochemshwa na kukaushwa tunayompa mgeni, na Mwalimu akameza punje nzimanzima kama vidonge, akasema asante, ni tamu.

Kwenye rafu ile kulikuwa na vitabu viwili vya Mzee wa Mvua. Mwalimu alitusimulia jinsi alivyovipata, alipokuwa msichana kama sisi, akizunguka maduka ya vitabu vilivyotumika, akipita leo na kesho mpaka mwenye duka anamzoea na kumwekea. Kuna kimoja hakukipata kamwe. Alikuwa ameshakiona mara moja mikononi mwa mtu mwingine kwenye treni, na alipokieleza, alikieleza kama mtu anayemwelezea ndugu aliyepotea. Mimi nilipenda rangi. Jovitha alipenda mvua yenyewe. Ndiye aliyegundua kwamba mzee haichori. Anachora kila kitu kingine, paa, mwavuli, mgongo wa mtu anayekimbia, kisha mahali mvua ilipo anaacha karatasi nyeupe, nyuzi nyembamba tupu, na jicho lako ndilo linaloinyesha. Alipomwonyesha Mwalimu, Mwalimu alichukua kitabu, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Alisema ametazama picha hiyo tangu utoto na hakuwa amejua. Kulikuwa na picha moja ya watu wanaokimbilia vitu walivyoanika, na Jovitha aliiita picha ya kwetu. Alisema mzee huyu lazima amefika Kamuli, kwa sababu amejua kwamba mvua husikika kwanza kwenye majani ya migomba, na kwamba mwenye kahawa mkekani huanza kukimbia kabla tone halijamgusa.

Tukaanza na sisi kukusanya. Mama yake Mwalimu alimtumia vifurushi, na vitu ndani yake vilizungushiwa kurasa za majarida. Tulizikunjua, tukazinyoosha chini ya godoro, tukitafuta mkono wa mzee. Mara chache tulimpata, tangazo dogo la kalenda, mwavuli mmoja kwenye kona. Wenzetu bwenini walituona tumechanganyikiwa. Kiranja alituuliza kama tumepata dini mpya, na Jovitha akamjibu kwamba ndiyo, na kwamba sadaka tunapokea Jumamosi. Leo nikitazama watu wale wa mtandaoni, na kabati zao za kioo, nawatambua mara moja. Nao walikuwa na godoro lao mahali fulani.

Katikati ya mwaka muda wa Mwalimu uliisha. Alipokuwa anafunga mizigo alituita, akatupa vitabu vile, kimoja kila mtu, na akamwacha Jovitha achague kwanza. Hakusema kwa nini, lakini sote tulijua. Jovitha alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu utotoni, vali haifungi sawasawa, na muhula ule alikuwa ameanza kusimama njiani kutoka bwalo hadi darasani, akijifanya anafunga kiatu. Alichagua kile kinene. Mwezi wa tisa wakampeleka hospitali kubwa Mwanza, akakaa huko, kisha wakamrudisha nyumbani na dawa na maneno ya kwamba apumzike. Mimi shule ilipofunga mwezi wa kumi na moja, sikukaa kwetu hata wiki. Mama yake Jovitha aliomba nije nikae nao, nimsaidie kazi na nimchangamshe mwenzangu. Kwetu kulikuwa mlima wa pili tu.

Sasa nieleze jambo la kuta, maana wengine hamkukulia kwenye nyumba zile. Nyumba ya udongo, hata ikisiribwa vizuri, ndani hubaki giza. Kwa hiyo tulibandika karatasi: magazeti, kalenda zilizopita, kurasa za majarida. Unachemsha unga wa muhogo mpaka unakuwa uji mzito, unaupaka karatasi nzima, unaisukuma ukutani kwa kiganja. Ikishakauka haitoki, ukitaka kuibadilisha unabandika nyingine juu yake. Kazi hiyo ilifanywa kila Krismasi. Kwangu mimi Krismasi ya utotoni haina harufu ya pilau wala ya udi, ina harufu ya uji wa muhogo na nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni. Chumba kisicho na karatasi kilikuwa aibu, na chumba cha mgonjwa zaidi, kwa sababu kila siku watu wanaingia kumjulia hali.

Nilipofika, mama yake Jovitha alinipokea uani, nikamwamkia, akaitikia marahaba na papo hapo akanishika mkono. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama shambani, na Kiswahili chake alikichanganya na Kinyambo bila kuomba radhi. Aliniambia nije nione. Akafungua mlango wa chumba cha mgonjwa, akasimama pembeni ili asinizibe. Ukuta wote, kuanzia kichwani mwa kitanda hadi mlangoni, ulikuwa Mzee wa Mvua. Miavuli, mapaa, barabara zilizolowa, wasichana wenye viatu mkononi. Daraja lililokuwa limechorwa kwenye kurasa mbili lilikuwa limebaki nusu, na mtu aliyekuwa anavuka alikuwa anaelekea kwenye udongo mtupu wa kando ya dirisha. Jovitha alikuwa ameegemezwa kwenye mito, maana hakuweza tena kulala chali, na uso wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyouacha. Mama akaeleza kwa fahari. Mtoto hakuweza tena kushika kitabu. Akikiweka kifuani kinambana pumzi, akishikiwa anaona haya kumchosha mtu. Kwa hiyo siku alipopelekwa zahanati, mama alibaki na wembe na kiti, akafanya kazi mpaka waliporudi. Sasa mtoto anatazama bila kuinua hata kidole. Akaniuliza kama nimeona. Nikamwambia nimeona, Mama, pamependeza. Na palipendeza, hilo sikudanganya.

Alipotoka kwenda jikoni nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Na za nyuma?" nikamuuliza Jovitha kwa sauti ya chini.

"Za nyuma zinatazama ukuta," akasema. Akapumzika kidogo, ndivyo alivyokuwa anaongea sasa, kwa vipande. "Usimwambie, Verdi. Amesimama juu ya kiti kutwa na miguu yake ile. Nakujua, Mama Maelezo, utataka umfafanulie. Ukimfafanulia nitakufa leo hii, halafu nije nikukalie kifuani."

Sikumwambia. Nusu ya kitabu ilikuwa imekwenda, na ilikuwa nusu ambayo Jovitha hangeiona tena, kwa sababu sote wawili tulijua uji wa muhogo. Mchana, nikimaliza kuosha vyombo, nilikaa naye tukaanza kuitafuta. Alinyoosha kidevu kuelekea picha moja, akaniuliza nyuma yake kuna nini. Mimi nilikisia, yeye alisahihisha. Nyuma ya mzee mwenye baiskeli kuna paka chini ya gari. Nyuma ya wale wasichana kuna kituo cha treni, taa mbili, moja imezimika. Nilisema zote zinawaka, akaniambia kwa hiyo muda wote ule kwa Mwalimu nilikuwa nakunywa chai tu. Alizikumbuka kwa utaratibu, kuanzia mlangoni, na akikumbuka moja rangi ilirudi usoni kidogo. Mama alipita na kapu la maharage akacheka, akauliza ni umbea gani huu usioisha. Wageni waliingia, wakasifu. Jirani mmoja alitazama wale watu wa ukutani kwa muda mrefu, akataka kujua kama hawa ndio wakwe, na kama ni hao, mbona hawajaleta pombe. Jovitha alicheka mpaka tukaogopa. Jioni tulikula ndizi na maharage, mama akamchagulia zile laini na kuziponda kwa mgongo wa kijiko, na senene, panzi wetu wa msimu wa mvua, walipoanza kuanguka alimkaangia wachache bila chumvi, kwa sababu chumvi ilikatazwa. Alikula wawili, ili asimvunje moyo.

Kulikuwa na picha moja juu ya mto wake, mashua zilizofungwa pamoja mvua ikinyesha mtoni. Ya nyuma yake haikuja. Kwanza tulifanya utani. Kesho yake akaniuliza tena, na siku iliyofuata akaamka nayo, akaniuliza kabla sijamsalimia. Mimi sikukumbuka chochote, na nilipobuni kitu, mbwa, ngazi, alijua mara moja kwamba nabuni. Ndipo akalia. Mwaka ule wote sikuwa nimemwona akilia, si kwa sindano, si aliponisimulia jinsi alivyoambiwa Mwanza kwamba moyo wake hawawezi kuutengeneza. Alisema ile ndiyo aliyokuwa anaipenda, anajua aliipenda, anakumbuka kuipenda kwenyewe, lakini haioni. Nikapiga magoti kitandani, nikanyoosha mkono kwenye kona ya karatasi.

"Acha," akasema. "Utaichana. Mama ataona."

Nikashusha mkono.

Alifariki mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, asubuhi, mama yake akiwa amemshikia kikombe. Mimi nilikuwa uani nanyonyoa senene mbawa na miguu, nikasikia kikombe kikianguka. Wakamzika kwenye kibanja, kati ya migomba na mistari ya kahawa, kwaya ya usharika ikaimba, wenzetu wachache wa shule wakaja na sare. Watu walikaa matanga kama kawaida, jembe halikuguswa mlimani, wanaume nje kwenye turubai, wanawake ndani kwenye nyasi. Nilifanya nilichoweza, nikachota maji, nikagawa uji, nikamwelekeza kila aliyeuliza choo. Chumba kile sikuingia.

Matanga yalipoanuliwa na watu kuondoka, mama alinikuta nafunga kanga zangu nirudi kwetu. Aliniambia nisubiri kidogo. Akaniongoza chumbani, akakaa kwenye kitanda kisicho na godoro, juu ya kamba, na mimi nikasimama kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa. Kisha akasema kwamba Krismasi imekaribia, na kwamba alikuwa na jambo lake la Krismasi, alilolificha hata kwangu, kwa kuwa anajua mimi na Jovitha hatufichani kitu. Uji alioutumia kwenye picha zile hakuupika kama wa siku zote. Aliuchemsha mwepesi kama wa mtoto, akagusisha kwenye kona tu. Aliona tangu siku ya kwanza kwamba kila karatasi ina pande mbili, nani asingeona? Alikusudia kwamba asubuhi ya Krismasi, wakati nyumba nyingine zinabandika magazeti mapya, yeye angezigeuza zote mgonjwa akiwa bado amelala, ili akifumbua macho akute chumba kingine.

Nilishika ubao wa kitanda. Yeye hakunitazama, alikuwa anaufuata ukuta kwa macho, picha kwa picha.

"Hivi yeye alikumbuka kwamba kuna za nyuma?" akauliza.

Nimefundisha watoto miaka mingi tangu siku ile, na nimeulizwa maswali magumu na watu wazima, wakaguzi, wazazi, mume wangu alipokuwa anaumwa. Hakuna hata moja nililolitafutia jibu kama nilivyolitafutia hilo. Nikaona kwamba nikimwambia hapana, atabaki na zawadi ambayo mtoto hakuikosa, na atalala. Lakini alikuwa anauliza habari za mwanawe, na aliyebaki na habari hizo nilikuwa mimi peke yangu.

"Alikumbuka, Mama. Ndizo tulizokuwa tunaziongelea kila siku. Alikuwa ananisimulia moja moja."

"Alisikitika?"

"Kwa ile ya juu ya mto, ndiyo. Ilimpotea. Alilia."

Akainamisha kichwa. Nje kuku walikuwa wanachakura kwenye nyasi kavu zilizotolewa ndani.

"Angeniuliza tu," akasema. "Angeniuliza, ningezibandua siku ileile."

Nilitaka kumweleza kwamba Jovitha alinyamaza kwa sababu ya miguu yake, kwa sababu ya kiti, kwa sababu ya fahari aliyoiona usoni mwake mlangoni, na baadaye nilimweleza, miaka na miaka, kila nilipokwenda kumsalimia Kamuli mpaka naye alipozikwa. Siku ile hakunipa nafasi. Aliinuka kwa kushika goti, akaegemea ukuta, akaingiza ukucha chini ya kona ya zile mashua. Alivuta taratibu, kona moja, kisha ya pili. Karatasi ikatoka nzima. Nyuma yake kulikuwa na mwanamke anaanua nguo mvua ikianza, na mtoto wa kike kando yake amemshikia kapu, wote wawili wanacheka. Mama aliitazama, akapitisha kanga usoni, akanipa mimi niishike, kwa sababu mikono yake ilikuwa imelowa.